Bima Aliyoing'ang'ania Raudha

Raudha ndiye aliyemng'ang'aniza mumewe, Mundhir, akate bima ya ulemavu. Mundhir alikuwa fundi plasta mjini Sfax, Tunisia, mwenye afya tele, na siku ile alimcheka sana.

"We mwanamke, unaniombea mabaya?" Hata hivyo alitia saini.

Mwaka haujaisha, jukwaa la ujenzi likavunjika, akaanguka na kuumia uti wa mgongo. Miguu ikafa ganzi. Bima ililipa kila mwezi. Kodi ya nyumba haikukwama, na watoto waliendelea na shule. Lakini mama mkwe alikataa kugusa kuskusi iliyonunuliwa kwa fedha hizo.

"Ulimtabiria mwanangu," alisema. "Sasa furahi."

Hata Raudha mwenyewe aliwaza hivyo hivyo. Jioni moja, akimgeuza mumewe kitandani, alishindwa kujizuia, akalia.

"Nisamehe, Mundhir. Ni mdomo wangu huu."

Mundhir akamtazama. "Kama mdomo wako una nguvu hivyo, mke wangu, basi sema nitatembea."

Raudha alijaribu kusema, sauti ikagoma. Mundhir akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka chai iliyokuwa kando ya kitanda ikapoa.