Goti la Beberu wa Mzee Shaibu

Falguni alikuwa daktari wa mifugo na mtafiti wa chuo kikuu. Mwaka 2004, Kariakoo ilipofurika mabeseni ya Uchina na simu za Dubai, yeye alikuwa akihangaika kutafuta mbuzi anayechechemea. Alitaka kutoa mafuta kidogo mwilini mwa mnyama, akuze chembe hai zake maabara, kisha azidunge gotini zijenge upya gegedu, ule mto laini wa kwenye maungio, lililolika. Mbuzi wa chuoni wote walikuwa wazima, na hakuwa na moyo wa kuwavunja ili awatibu.

Akaelekezwa kwa mzee Shaibu, muuza spea Mtaa wa Sikukuu. Beberu wake alikuwa akichechemea tangu alipogongwa na mkokoteni.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuhusu mbuzi."

"Marahaba binti yangu. Ninyi Wahindi si hamli nyama?"

"Simli. Nataka kumtibu goti."

Shaibu alijishika kiuno. "Mimi mgongo unaniuma mwaka wa kumi huu. Chuo kizima kimemwona mbuzi tu?"

"Tukifanikiwa kwake, mzee, na migongo itafuata."

Shaibu akakubali, ingawa kwa kununa.

Wiki ya nane baada ya sindano, beberu aliacha kuchechemea. Wiki ya kumi alikimbia. Falguni alitembea korido za chuo akitabasamu peke yake. Wiki ya kumi na mbili akaitwa Kariakoo, akawakuta wauza mboga wamesimama mbele ya duka la Shaibu, mikono viunoni. Msemaji wao alikuwa mama mmoja, Waridi.

"Daktari, zamani beberu huyu akija tunamwona toka mbali, tunafunika mchicha, anapita. Siku hizi ukigeuka tu, fungu halipo, na yeye kashafika Msimbazi. Jana karuka meza ya mwenzetu Candida."

Falguni alitoa kalamu. "Meza ina kimo gani?"

Waridi akaonyesha kiunoni.

"Alitua kwa mguu gani?"

"Sisi tumekuja kushtaki, daktari."

"Najua, mama. Mguu gani?"

Wanawake wakatazamana. "Ule mbovu," alisema Waridi. "Tunaomba umrudishie kilema chake."

Falguni aliinama kuandika ili wasimwone anavyocheka. Lakini aibu nayo ilimshika: alipima kila kitu cha mbuzi yule, asiwafikirie majirani zake. Akawaomba radhi mmoja mmoja.

Shaibu ndiye aliyekata shauri. Beberu akavushwa kwa kivuko cha Magogoni, akapelekwa Kigamboni kwa dada yake mzee, Mwanamkuu, mwenye eneo kubwa. Ila utafiti ulidai goti lipimwe kila wiki kwa mwaka mzima, kwa hiyo kila Jumamosi Falguni alipanda kivuko na futi yake ya kupimia.

Jumamosi ya kwanza alimkimbiza beberu kwa saa mbili na nusu. Alipomkamata, suruali ilikuwa imechanika na kiatu kimoja hakionekani. Mwanamkuu alimletea maji ya kunywa, akaketi kando yake.

"Mwanangu," alisema taratibu, "kuku wangu hata akichechemea, usimguse."