Kapu la Taka Nalo Lihame

Kompyuta ya karani wa kiwanda cha samani ilikuwa kongwe kiasi kwamba ikiwashwa, feni yake ilivuma mpaka mapazia yakapepea, na wakata mbao huko uani wakadhani limeletwa randa jipya. Ndani yake mlikuwa na barua pepe za kiwanda za miaka kumi na mitano. Hazikuwa kwingine kokote duniani. Ijumaa hiyo asubuhi zilikuwa zinahamishiwa kwenye wingu, huko mtandaoni, ambako kila mwenye ruhusa angeweza kuzifungua hata kwa simu, amejilaza kitandani.

Karani, ambaye kiwanda kizima kilimwita Bi Faili, hakuwa na ugomvi na wingu. Ugomvi wake ulikuwa na meneja.

Jumatatu kamati ya usalama kazini ingekaa kumjadili shemeji yake, mume wa dada yake, aliyepoteza vidole viwili kwenye msumeno wa umeme. Meneja alisema ni uzembe. Shemeji alisema kinga ya msumeno ilivunjika tangu mwaka jana, na alitoa taarifa mara nne. Kamati ikimwona mzembe, angefukuzwa bila hata asante. Na taarifa zile nne alizichapa Bi Faili mwenyewe na kumpelekea meneja, maana shemeji na kibodi hawakuwahi kusikilizana.

"Bado robo saa," akasema fundi wa kompyuta, mama mtu mzima aliyekuwa akiitafuta miwani mezani huku ameivaa kichwani. "Zikishapanda zote, naisafisha hii mashine, haibaki kitu ndani, inaondoka."

"Na zilizomo kwenye kapu la taka?"

"Taka hazipandi, dada. Programu inabeba zilizoingia, zilizotumwa na folda zenu, basi."

Bi Faili aligeukia kioo cha kompyuta. Kila barua iliyomkera meneja, iwe imeingia au imetoka, meneja alikuja akasimama nyuma ya kiti chake na kutamka neno moja: futa. Naye alifuta, palepale, meneja akiona kwa macho yake. Barua ikaangukia kapuni, meneja akarudi kwake roho kwatu. Asichojua ni kwamba kapu lile halikuwahi kumwagwa tangu siku kompyuta ilipotolewa kwenye boksi. Yote aliyotaka yasionekane yalikuwa yamekaa mahali pamoja, yamepangwa kwa tarehe.

"Simamisha kwanza," akasema.

Fundi alisimamisha. Meneja, ambaye masikio yake yalisikia kazi ikisimama hata akiwa mtaa wa pili, akaingia huku tai imemkaba shingo kama iliyotumwa kumkamata.

"Kuna nini tena, Bi Faili?"

"Nataka na kapu la taka lihame."

Meneja akacheka. "Mtu anahama nyumba na takataka zake?"

"Inategemea aliyezitupa ni nani, bosi."

Kicheko kikakwama njiani. "Fundi, endelea na kazi."

Fundi alimtazama huyu, akamtazama yule, akaipata miwani yake. "Mimi nimeitwa kuhamisha barua. Kuchagua barua si kazi yangu. Dada, ukiziburuta kutoka kapuni ukaziweka kwenye folda nyingine, zitapanda."

Bi Faili ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya usalama. Akaandika neno msumeno, kapu likamtolea barua nane: taarifa nne za shemeji, na majibu manne ya meneja. La mwisho lilisema, "Kinga itanunuliwa mwakani. Kwa sasa mwambie akate tu." Akazitia zote nane kwenye folda ya kamati, ambayo wanakamati na meneja walikuwa na ruhusa nayo, fundi akaendelea kuhamisha. Dakika haikuisha, simu za wanakamati zikaanza kulia uani kwa taarifa ya barua mpya, moja baada ya nyingine, na mwisho ikalia ile ya mfukoni mwa meneja.

Akaisoma. Rangi ikamhama.

"Futa," akasema.

"Sifuti."

"Nimesema futa."

"Nimekusikia, bosi. Sifuti. Ukitaka, futa wewe, ruhusa unayo."

"Huko juu," fundi akadakia bila kuinua kichwa, "anayefuta anaandikwa jina na saa."

Meneja aliirudisha simu mfukoni taratibu, kama yai. "Basi nakuandikia barua ya onyo. Sasa hivi."

"Sawa." Bi Faili akavuta kibodi. Kwa miaka kumi na mitano barua zote za meneja, za onyo zikiwemo, alizichapa yeye. "Tarehe nimeweka. Jina langu nimeweka. Nitajie kosa."

"Andika: kwa kosa la kukataa kufuta..."

Vidole vya Bi Faili vikachapa, vikatua. "Kukataa kufuta nini, bosi?"

Meneja akailegeza tai.

"Nitaandika kukataa kufuta barua zinazosema kinga ya msumeno imevunjika? Au unataka niiweke kwa maneno mengine? Chukua muda wako. Mimi sina haraka, na nakala itaenda kwa kamati, ndio utaratibu."

Nje misumeno yote ilikuwa imezimwa. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, mkono umefungwa bendeji, wanakamati wawili nyuma yake wakiwa na simu mikononi.

"Shemeji," akasema, "wananiuliza kama hizi barua ni za kweli."

"Mwulize aliyezijibu. Huyu hapa."

Meneja aliitazama ile sentensi isiyo na mwisho kwenye kioo, akawatazama watu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha wageni.