Ngozi ya Tondwe

Nchi ya Ndarama imelala bondeni kati ya safu mbili za vilima vya chokaa, na mji wake mkuu, ambao nao unaitwa Ndarama kwa kuwa watawala wake hawakutaka kusumbuka kutafuta jina la pili, umepanda ngazi kwa ngazi hadi kileleni, maskini wakiwa chini kwenye tope, wenye vyeo katikati kwenye kivuli, na Mfumba, mtawala wao, juu kabisa ambako upepo haufikishi harufu ya mtu. Mgeni anayeingia kwa lango la mashariki hukutana na sanamu ya jiwe ya mwanzilishi wa nchi, mwanamume aliyesimama uchi akinyoosha kidole mbele. Akiwa na macho mazuri ataona kwamba jiwe lote ni la kale isipokuwa sehemu moja, ile ya chini ya kitovu, ambayo imechongwa, ikapakwa lipu, ikachongwa tena, ikapakwa tena, hata sasa hakuna fundi awezaye kusema kazi ya mchongaji wa kwanza ilikuwa ipi. Wasomi wa Ndarama wameandika historia ya nchi yao katika vitabu vinene. Pale kwenye sanamu inasomeka upesi zaidi.

Watawala wa kwanza walisema mwanamume asiyetahiriwa ni mnyama aliyejifunza kusema, wakajenga kumbi za jando kila kata na kuwapa mangariba mashamba. Kisha wakaja Walimbo, watu wa nchi tambarare waliopenda kushindana mbio na mieleka wakiwa uchi, wakawatazama Wandarama, wakacheka hadi wakashika mbavu, kwa maana kwao mwili mzuri ni ule ulioachwa kama ulivyozaliwa. Muda si mrefu kicheko hicho kikawa sheria. Mangariba walinyongwa, na wanaume wazima, waheshimiwa wenye wake na wajukuu, wakaanza kujifungia vijiwe vya shaba ndani ya nguo ili kuivuta ngozi iliyobaki irefuke, wakitembea taratibu kwa maumivu na kuambiana kwamba ni baridi yabisi. Walimbo walipoondoka, wakatokea matabibu wa ikulu waliogundua kwamba govi ndilo chanzo cha kikohozi, wazimu, uvivu, wizi wa kuku na wake kuwajibu waume zao, na kumbi zikafunguliwa upya. Jengo lilikuwa lile lile na karani alikuwa yule yule. Kilichobadilishwa ni kibao cha mlangoni.

Katika enzi ya Mfumba Sengwato sheria ilikamilika. Asiyetahiriwa hakuruhusiwa kutoa ushahidi, wala kunywa maji ya kisima cha umma, wala kuingia kaburini. Akifa hivyo hivyo, maiti yake ilitahiriwa kwanza ndipo izikwe. Kuhusu govi la Mfumba mwenyewe, wanasheria walikwisha kuamua kwamba mwili wa mtawala huanzia kiunoni kwenda juu, kwa hiyo swali halikuwa na mahali pa kukaa.

Tondwe alikuwa mchimba visima. Alizaliwa siku za Walimbo, wakati ambapo mama yake angenyongwa kwa kumpeleka jandoni, na upepo ulipogeuka alikuwa mtu mzima mwenye mke na akili zake. Aliitwa kumbini, akakataa. Aliitwa tena, akapigwa, akakataa. Hakuwa mtu wa falsafa, na aliyemwuliza sababu alipewa moja tu: baba yake walimkata alipokuwa kijana, Walimbo wakamlazimisha kujivuta kwa shaba, na matabibu walipokuja wakamkata upya, na safari hiyo hakupona. Basi Tondwe alichimba visima ambavyo hakuruhusiwa kunywa, na mkewe Nasimbwa akawa anamletea maji ya kinamasini, hadi maji hayo yalipomtia homa iliyomlaza.

Alipojua kwamba haamki, alimshika mkewe mkono.

"Nikishakufa sitaweza kukataa," alimwambia. "Ukatae wewe kwa niaba yangu. Niende kama nilivyokuja."

Nasimbwa akaahidi. Ahadi hiyo ndiyo iliyobaki kuwa mali yake yote, maana nyumba ilikuwa ya udongo na watoto hawakujaaliwa.

Asubuhi ya msiba alikuja Kadungure, Ngariba Mkuu, na askari nyuma yake. Kadungure na marehemu walikuwa wamecheza pamoja utotoni, na mjini haikuwa siri kwamba baba yake Kadungure ndiye aliyekuwa akiuza vijiwe vya shaba wakati wa Walimbo. Ukoo ule ulijua kuishi. Nasimbwa alikuwa ameketi kizingitini, mgongo umeegemea mlango.

"Shemeji, nipishe," Kadungure alisema kwa sauti ya chini. "Haumwi tena."

"Mimi naumwa," Nasimbwa akajibu.

Kadungure alitazama pembeni. Alieleza kwamba sheria haikutoka kwake, kwamba asipofanya yeye atatumwa mwingine asiye na huruma, kwamba maiti haiwezi kukaa juani, na maneno mengine ambayo wafanyakazi wa serikali huyabeba kama wengine wanavyobeba ugoro. Nasimbwa hakusogea. Askari walimwinua, akarudi ndani akamlalia mumewe kifuani, wakamwinua tena. Jambo likafanyika. Halikuchukua muda mrefu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba kitu ambacho mtu alikilinda maisha yake yote kilikwisha kabla hata waliokaa uani hawajamaliza kusalimiana.

Wandarama wana desturi yao: kilichokatwa hukaushwa papo hapo motoni, hutiwa ndani ya kibuyu kidogo na kutundikwa juu ya mlango, ili mkaguzi apitaye njiani ajue nyumba hiyo ni safi bila kujisumbua kushuka kwenye punda. Kila nyumba ina vibuyu vyake, vya baba na vya mababu, na upepo ukivuma vinagongana. Kadungure alimkabidhi Nasimbwa kibuyu cha Tondwe kwa mikono miwili. Watu wakazika, wakala, wakatawanyika. Nasimbwa hakukitundika. Alikifunga upindoni mwa kanga akapanda ngazi za mji, kupita kwenye kivuli cha wenye vyeo, hadi kileleni kwenye baraza.

Siku ile ilikuwa ya zawadi. Mfumba wa Ndarama huketi uani kwenye kiti cha mawe na kupokea kwa mkono wake wa kulia chochote anacholetewa. Mababu zake walitunga masharti mawili ili raia wasikose kisingizio cha kuja: Mfumba hakatai zawadi hata iwe duni namna gani, wala hainuki kitini maadamu kuna mtoaji amesimama mbele yake. Ilikuwa sheria tamu sana kwa Wafumba, na hawakuwahi kuiona kwa upande wa pili.

Nasimbwa aliomba kwanza. Aliomba aruhusiwe kufukua kaburi kidogo tu, arudishe alichopewa mahali kilipotoka, ili mumewe awe mzima. Wazee wa baraza walicheka. Sengwato hakucheka; alikuwa mtu wa kueleza mambo.

"Mama, nchi hii yote imesimama juu ya hicho unachokililia," alisema. "Nikikurudishia wewe, nitamwambia nini mwingine?"

Nasimbwa alifungua upindo, akafungua kibuyu. "Basi nimekuletea," akasema. "Pokea."

Sengwato aliwatazama wanasheria, nao wakatazama viatu vyao. Akanyoosha mkono, akapokea, akakiweka kwenye mkeka kando ya kiti, na Nasimbwa akasogea akakaa chini langoni kama mtu anayengoja kuitwa.

Aliyefuata alikuwa jirani yake aliyemwona akipanda, na kibuyu cha mwanawe ambaye kidonda chake hakikupona. Baada yake mzee mmoja na cha kwake mwenyewe. Hakuna aliyetukana wala kupiga kelele. Walisogea, wakamimina katika kiganja kile kilichonyooshwa, wakapisha. Jua lilipokuwa utosini mstari ulikuwa umeshuka hadi kwa wenye vyeo, na baadhi yao walionekana wakiinua mikono kutungua vibuyu juu ya milango yao. Sengwato aliamuru lango lifungwe. Mkuu wa askari akaegemeza mkuki ukutani, akaenda kwake, akarudi na kibuyu, akapanga mstari. Kadungure alikuja na gunia la vibuyu.

Mkeka ukafichika, kisha ngazi ya kiti, kisha miguu ya Sengwato. Harufu ilipanda mahali ambapo harufu haikuwahi kufika. Jua lilizama na kuchomoza, kwa siku ambazo watu hawakubaliani ni ngapi, na yeye bado ameketi, mkono umenyooka, kwa sababu mtu anayetawala kwa desturi hana kingine cha kukalia.

Mwishowe alimwita Nasimbwa kwa sauti iliyokauka. Alimwambia kwamba amemsikia. Ombi lake limekubaliwa, achukue cha mumewe akakizike naye, na awaambie watu warudi majumbani.

Nasimbwa aliinuka akasogea karibu. Alilitazama lile lundo kavu, la watumwa na mawaziri, la waliokatwa kwa ajili ya usafi na waliokatwa kwa ajili ya adhabu, na machozi ambayo hakuyatoa siku ya msiba yakamtoka.

"Kitafute," alisema.

Wapo wanaosema Sengwato aliwaita askari. Wengine wanasema walikuwa kwenye mstari. Walio wengi wanasimulia kwamba alishuka kitini, akapiga magoti, akaanza kuchambua kimoja kimoja, akikiinua kwenye mwanga na kumtazama mwanamke yule usoni, naye akitikisa kichwa kwa kuwa kweli hakujua, huku nyuma yao watu wakiendelea kumimina.