Nafasi ya Mke

Mwaka wa tisini na saba, baraza la mji lilipoamua hatimaye kuwatafutia wafanyakazi wake bima ya matibabu, lilisema mfanyakazi mmoja ataketi kwenye kamati ya kupanga. Wenzake wakamchagua Johana. Hakuomba. Walimchagua kwa sababu mkewe, Chepkurui, alifariki mwaka uliotangulia kwenye benchi la hospitali, akingoja barua ya baraza ya kumdhamini. Barua ilikuwa imeshapigwa taipu na kukunjwa vizuri. Ilikosa sahihi ya mkubwa mmoja, na mkubwa huyo alikuwa Mombasa kwenye semina. Semina yenyewe ilikuwa ya afya ya wafanyakazi.

"Wewe ndiye unajua uchungu," walimwambia wenzake wa kikosi cha barabara, wale wa kujaza murram kwenye mashimo ili malori ya majani chai yapite. Johana aliitikia kwa kichwa. Ukweli ni kwamba siku hizo hakujua uchungu wala utamu. Alikula kwa sababu sahani imewekwa mbele yake. Alilala kwa sababu taa imezimwa.

Kamati ilikaa mara nne, na kila mara waheshimiwa walikunywa chai ya maziwa matupu wakajadili mambo ambayo hayakuwa na mgonjwa ndani yake. Johana, aliyeishia darasa la tatu, alikaa mwisho wa meza. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mkutano wa nne, kampuni ya bima ilileta fomu kutoka Nairobi: nafasi moja ya mke au mume, nafasi nne za watoto. Mwenyekiti, Diwani Gibson, akasema madiwani wapewe fomu mbili mbili, kwa heshima ya ofisi. Gibson alikuwa na wake wawili.

"Na kwa mfanyakazi," akaendelea, "mke ni yule aliyeolewa na mwanamume. Basi. Hizi ndoa zingine za kienyeji zitatuchanganya. Wanaokubali?"

Johana alikuwa akitazama mvua dirishani, ikinyesha juu ya shamba la chai ng'ambo ya barabara. Alipogeuka aliona mikono imepanda, na yeye akapandisha mkono wake.

Jioni Rodah alimkuta getini. Rodah alikuwa mfagiaji wa soko la Merigi, jirani yake wa miaka mingi, na mjane asiye na mtoto wa kiume. Kwa Wakipsigis mwanamke kama huyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto wa msichana huyo wakawa wa nyumba yake, wakaitwa kwa marehemu mumewe. Rodah alitoa ng'ombe watano akamwoa Nyamusi, binti wa watu wa Kisii waliokuja kuchuma chai Boito. Mtoto wa kwanza wa Nyamusi alitolewa kwa kupasuliwa, na daktari akaonya kwamba wa pili asithubutu kuzaliwa nyumbani. Wa pili alikuwa na miezi saba tumboni.

"Baba Kiplimo," akasema Rodah, "nasikia mmepitisha kwamba mimi sina mke."

"Nani amekuambia?"

"Yule mama anayewamiminia chai. Amesema mkono wako pia ulipanda."

"Ulipanda."

"Kwa nini?"

"Ya wengine ilikuwa imepanda."

"Hata ng'ombe wangu wakiogeshwa kwenye dipu hufanya hivyo. Mmoja akiruka, wote wanaruka. Lakini hao sikuwachagua kwa kamati."

Huyu mama ndiye aliyemletea Johana uji kila asubuhi, mwezi mzima baada ya mazishi, akauacha mlangoni bila maneno mengi.

Kesho yake alimfuata Gibson kwenye pikapu yake nje ya ofisi. Alimwambia kwamba Nyamusi atahitaji kupasuliwa tena, na kwamba ile kura irudiwe.

"Mzee," akasema Gibson bila kuzima injini, "si wewe ulipiga kura? Jina lako liko kwenye kumbukumbu. Tutaangalia tena mwaka ujao."

"Mtoto anakuja mwezi wa kumi."

"Basi mwambieni angoje kidogo." Diwani akacheka, na aliyeketi kando yake akacheka pia, kisha Gibson akaingiza gia.

Johana alisimama pale mpaka moshi ukaisha. Alijua kwamba alipaswa kukasirika. Kusema kweli alijisikia tu kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi.

Alipomweleza Rodah, mama huyo aliweka ufagio wake chini. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Ile nafasi yako ya mke. Imejazwa?"

"Yuko Chepkurui." Hakuwa amepeleka habari za kifo ofisini. Pale kwenye orodha ya mishahara, jina lake lilikuwa bado limeandikwa kando ya la Johana, na yeye aliona hapo ndipo mahali pa mwisho wanapokaa pamoja.

"Chepkurui haendi hospitali tena, Baba Kiplimo."

"Najua."

"Orodha inafungwa Ijumaa saa kumi. Sikulazimishi."

"Na watu watasema nimechukua mke wa nyumba yako."

"Watu waseme. Ng'ombe wangu wanajulikana walikoenda. Karatasi haitawarudisha."

Ijumaa saa tisa aliingia kwa karani, Nyamweya, kijana wa Kisii mwenye tai na sweta. Fomu zilikuwa zimepangwa mezani. Nyamweya akaivuta ya Johana, ambayo ilikuwa imeshajazwa kutoka kwenye orodha ya mishahara.

"Mzee, yako iko sawa. Weka sahihi tu."

"Haiko sawa. Badilisha mke."

Karani akaweka kalamu chini. "Kwa nani?"

"Nyamusi. Wa kwa Rodah."

Nyamweya akatazama mlango, kisha akamtazama. "Huyo naye ni mke wa Rodah. Hata kwetu mambo haya yako, mzee, mimi si mgeni. Lakini fomu haikutoka kwetu, wala haikutoka kwenu."

"Fomu inauliza mke wa mwanamume. Mimi ni mwanamume."

Karani alikaribia kucheka, akaacha. Alichukua rula, akaiweka chini ya jina la Chepkurui. "Huyu niandike amefanya nini? Ameachwa ama nini?"

Johana alikuwa hajawahi kulitamka mbele ya mtu wa ofisi. "Amekufa."

"Lini?"

"Tarehe kumi na moja, mwezi wa nane, mwaka jana."

"Sababu?"

"Alingoja sahihi."

"Hiyo siwezi kuandika, mzee."

"Basi acha hapo wazi."

Nyamweya akavuta mstari polepole, kwa rula, kama mtu anayeogopa kurarua karatasi. Juu ya mstari akaandika jina jingine. Johana alilisoma herufi kwa herufi kuhakikisha, kisha akaandika lake chini, kwa mkono ule ule uliopanda kwenye kamati. Alisubiri kitu kimuume kifuani. Hakikuuma. Pengine kingeuma baadaye.

Nje, Rodah alikuwa ameegemea ukuta, ufagio kando.

"Imeingia?"

"Imeingia."

"Mtoto akizaliwa, hospitali wataandika jina lako."

"Waandike."

"Lakini ni wa nyumba yangu."

"Ni wa nyumba yako, Rodah."

Mama akashika ufagio wake, akabaki bado amesimama. "Wale waliokaa mezani hawataulizwa lolote," akasema.

"Hawataulizwa," akasema Johana. Trekta la kikosi lilikuwa likimngoja barabarani, na wenzake wakimpigia kelele kwamba amechelewa. Akapanda nyuma juu ya murram, akaketi, wakaenda kuziba mashimo.