Ngazi ya Saba

Tangu barua pepe ile iingie, Kipkemoi hakumwamini Jaydeep hata chembe. Jaydeep ndiye mwenye duka la kompyuta mjini Nakuru, Kipkemoi fundi wake, na hawakuwa wamewahi kukosana. Lakini sasa kila asubuhi tajiri alikuja kusimama nyuma ya kiti chake, chai mkononi. "Wale wazungu wamesema nini leo, boss?"

Yamhusu nini? Wasiwasi ndiyo akili, na Kipkemoi alikuwa nayo tele. Akabadilisha neno la siri. Akaigeuza skrini ielekee ukutani.

Kweli alikuwa na cha kulinda. Utotoni kule Njoro alicheza gemu moja tu, Mnara wa Maji, kwenye kompyuta kuukuu ya jirani mhadhiri, kutoka kaseti ya kunakiliwa. Alipokua aliiandika upya, mstari kwa mstari, kwa mapenzi tu, akaiweka kwenye intaneti bure. Badala ya kumshtaki, kampuni ya ng'ambo inayoimiliki gemu hiyo ilitaka kumwajiri aitengeneze rasmi. Ajira, kwa kitu ambacho mamake alikiita upuuzi! Ila waliuliza jambo moja: gemu yao ina ngazi sita. Hii ya saba, waliyoipenda kuliko zote, ni ya nani?

Kipkemoi aliduwaa. Hakuwahi kujua kwamba kuna mnara usio na ngazi ya saba. Huu mtego, aliwaza. Nikisema si yangu, kazi imekwenda. Akajibu kwamba ni yake. Mkataba ukaja.

Alikuwa akiuchapisha ili autie sahihi, Jaydeep alipoinama na kuvuta kibodi. Kikulacho ki nguoni mwako! Kipkemoi alikaribia kumsukuma. Lakini tajiri hakuutazama mkataba. Alifungua gemu, akaingia ngazi ya saba, kwenye chumba cha giza ambamo maji hupanda na kila mchezaji huzama mara ya kwanza. Alikipita bila kuiangalia skrini.

"Hii ni mimi nilitengeneza," akasema. "Nilikuwa form one. Dada yangu Vidhi, huyu wa stoo hapo nyuma, alikuwa anamaliza game haraka sana, halafu ananicheka. Nikaongeza hii nimnyamazishe. Mzee wetu akauza kaseti hapa hapa dukani, na hii ikiwa ndani."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya, bana. Labda wangeitupa. Ndiyo maana nauliza kila siku. Waliipenda?"

Aibu ilimpanda Kipkemoi hadi masikioni. "Kuliko zote."

"Na uliwaambia imetoka wapi?"

Karatasi ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Ilikuwa rahisi kusema hapana. Bado kulikuwa na nafasi ya kuwaandikia wale wazungu ukweli kabla ya kutia sahihi.

"Niliwaambia," akasema Kipkemoi.

Jaydeep alimkumbatia kwa nguvu, kisha akakimbilia nyuma ya duka kumwita dadake aje asikie.