Bolti ya Pili ya Stata

Mwalimu aliipindua ndoo, akaifuta kwa karatasi, akaketi karibu kabisa na gari. Fundi, ambaye wenzake walimwita Kimya, alikuwa amelala chini ya gari lile dogo la kubebea watoto wa chekechea, viatu tu vikionekana. Kila baada ya muda Mwalimu aliinama kumchungulia mikono.

Hakuwa na desturi hiyo zamani. Mwaka uliopita aliliacha gari gereji nyingine kwa siku moja tu, likarudi na betri ya mtu mwingine, na watu wote pale wakakana huku wakitabasamu. Tangu siku hiyo moyo haukumtulia mbele ya fundi yeyote. Safari hii, kabla hajaja, alitia nukta ya rangi ya kucha kwenye kila kifaa ambacho mkono wake ulikifikia.

"Mwalimu," Kimya aliita kutoka chini, "hili gari linakwenda harusini?"

"Kwa nini?"

"Naliona limepaka rangi ya kucha."

Mpiga rangi wa banda la pili alicheka mpaka akaweka chini kazi yake. "Bado wanja tu!"

Mwalimu aliona haya hadi masikioni, lakini kwenye ndoo hakubanduka.

Mgonjwa alikuwa stata, mota ya kuamshia injini. Ukiwasha, inalia mara moja na kunyamaza, na kwa kuwa gari lilikuwa la gia za kujibadilisha zenyewe, hata kulisukuma kusingesaidia. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu alfajiri watoto kumi na mmoja wangekuwa milangoni kwao wakimsubiri, na Mkuu wa shule alikwisha kumwambia bila kuzunguka: akikosa siku moja tena, kazi ya kuwabeba anapewa dereva mwingine. Ualimu peke yake haukuwatosha yeye na mama yake.

Bolti ya kwanza ya stata ilitoka bila taabu. Ya pili ilikuwa imeliwa na kutu, ikagoma. Kimya aliinyunyizia mafuta, akaigonga kichwani kwa nyundo ndogo, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa. Akaikaza kidogo, akailegeza. Haikutikisika. Akatoka chini, akajipangusa uso.

"Tuiache ilale na mafuta. Kesho asubuhi itakuwa imelainika."

"Ilale wapi?"

"Hapahapa."

Haya ndiyo niliyokuwa nikiyangoja, Mwalimu aliwaza. Yule wa betri naye alisema kwa sauti ya upole hivihivi.

"Ifungue sasa hivi, fundi, nikiona kwa macho yangu."

"Nikiilazimisha itakatikia ndani."

"Mbona ya kwanza ilitoka?"

"Ya kwanza haikuwa na kutu."

"Au haikuwa na mpango?"

"Leo kazi ipo!" mpiga rangi akasema, bila kumwambia mtu.

Kimya aliinama tena kando ya gari. Alichukua spana, akaivisha kwenye bolti, akachomeka bomba la chuma kwenye mpini wake ili urefuke mpaka nje ya gari. Kisha akaliachia.

"Mimi sivunji, Mwalimu. Ukitaka, vuta mwenyewe."

Mwalimu alihisi anatishwa tu ili aondoke. Akachuchumaa, akalishika bomba kwa mikono miwili, akakaza meno. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili bomba likaanza kuja, polepole, laini, kama mtu anayekamua shuka lililoloa.

"Inakuja! Si nilisema?"

Kimya alipiga magoti ghafla. "Acha hapo hapo! Haifunguki hiyo, inajinyonga. Kichwa kinazunguka, mwili umekaa."

Alikuwa amebadilika uso. Mwalimu akauona ni uso wa mtu aliyeumbuka. Akavuta tena.

Tak.

Alianguka chali. Kichwa cha bolti kilibiringika kikasimama karibu na kiatu chake. Kimya aliingia chini na tochi, akakaa huko kitambo.

"Imekatikia ndani. Itabidi nishushe gia boksi, nikitoboe kipande kilichobaki."

"Mpaka Jumatatu?"

"Mpaka Jumatano."

Hakusema kwa kumsuta, na hilo ndilo lililomuuma. Mwalimu alitafuta ujanja katika uso ule, akautafuta tena kama mtu anayepekua mkoba, asiupate. Akatoa simu.

"Shikamoo, Mkuu. Jumatatu gari halitakuwa tayari."

"Tena, Mwalimu?" Sauti ya Mkuu ilisikika banda zima. "Au huyo fundi amekuharibia? Mafundi nawajua, ni walewale. Kama ni yeye niambie, nitakutafutia wa kukushikia mpaka gari lipone."

Kimya alikuwa amechutama akichagua misumari ya kutobolea. Mkono wake ukasita.

Lilikuwa neno moja tu, ndiyo, na hakuna ambaye angelishangaa. Mwalimu mwenyewe, nusu saa iliyopita, angeliamini.

"Hapana, Mkuu. Yeye alinikataza. Nimeivunja mwenyewe."

Mkuu akaguna.

"Basi namwita yule dereva," Mkuu akasema, akakata.

Mwalimu alibaki ameishika simu, mikono imejaa grisi hadi viwikoni.

"Sabuni iko kwenye kopo lile," fundi alisema, bila kuinua macho.

"Ahsante, fundi."

Akaenda kunawa, akisimama ubavuubavu ili gari lisimtoke machoni.