Shukrani za Wakazi Wanane wa Thistlegarth

Saa saba na dakika arobaini mchana, Jumatano ya tarehe kumi na saba Juni, karani wa vikao Gethin Prosser aliweka kompyuta yake juu ya ubao wa kupigia pasi kwenye chumba cha bintiye, akamalizia mkate wake wa jibini na achari, akafuta vidole, kisha akafungua mkutano wa Kamati ya Uangalizi wa Huduma za Watu Wazima ya Halmashauri ya Wetherholme. Tangu korona iufunge ukumbi wa halmashauri, kamati ilikuwa ikikutana kwenye skrini. Madiwani saba waliingia mmoja mmoja. Diwani Pickersgill alituonyesha dari ya nyumba yake kwa dakika nne mpaka mkewe akaja kumshushia kamera.

Baada ya madiwani waliingia marehemu. Walikuwa wanane, wote waliokuwa wakazi wa makao ya wazee ya Thistlegarth, na wote walifariki mwezi Aprili. Waliomba kuzungumza kama wananchi, na maombi yao yalifika kabla ya saa sita mchana, siku mbili za kazi kabla ya kikao, kama kanuni zinavyotaka. Gethin alizisoma kanuni hizo mara mbili. Zinataka mzungumzaji awe na makazi ndani ya mipaka ya mji, na hawa wanane wamezikwa kwenye makaburi ya Moor Lane, yaliyo ndani ya mipaka kwa hatua kama mia mbili hivi. Wa tisa, mzee Cyril Umpleby, aliomba pia. Majivu yake yalitawanywa baharini huko Whitby, kwa hiyo aliandikiwa barua ya adabu kwamba hastahili. Ni hasara, kwa sababu Cyril ndiye peke yake katika nyumba ile aliyekuwa na mazoea ya kulalamika.

Gethin aliwapanga kwenye skrini kwa herufi za majina ya ukoo, akamwomba Edna Hebblethwaite ajaribu kipaza sauti chake.

"Edna, mpenzi, hatukusikii," alisema mwenyekiti, Diwani Rosalind Dent. "Kuna alama kama kikopo hapo chini. Ibonyeze. Siyo hiyo. Hapo, hapo hapo."

"Nimekuwa nikiongea muda wote huu," alisema Edna.

"Sote tumepitia hayo, kipenzi."

Huko Thistlegarth, msimamizi wa nyumba, Noreen Satterthwaite, alikuwa amekaa ofisini mbele ya tableti, barakoa ikining'inia sikio moja. Pembeni yake, nje ya kamera, Marzena Wolak alikuwa akikunja taulo. Marzena ametunza wazee wetu kwa miaka kumi na miwili. Ugonjwa ulipoanza, alihamia kwenye karavani katika maegesho ya magari ya makao ili asiuokote dukani au kwake akawaletea wazee. Alilala humo wiki kumi na moja. Mumewe alikuwa akimwachia supu ya viazi na uyoga kwenye ngazi ya karavani, halafu anarudi nyuma mpaka kwenye uzio, wanapungiana mikono. Nayasema haya ili aya ya kumi na nne ieleweke.

Aya ya kumi na nne ilikuwa ndani ya ripoti ya mkurugenzi wa huduma, Philippa Garside, ripoti ya kurasa arobaini na mbili iliyoletwa mbele ya kamati siku ile. Ilisema hivi: "Inaelekea maambukizi ya Thistlegarth yaliingizwa na wafanyakazi." Basi, hayo tu. Lakini gazeti la mji lilikwisha kuichapa, na Jumamosi iliyopita, kwenye foleni ya duka la nyama, mwanamke mmoja alimwona Marzena na sare yake akahamia upande wa pili wa barabara. Noreen alikuja kikaoni kwa jambo moja: aya ile ifutwe.

Alipewa dakika tatu.

"Ijumaa ya tarehe ishirini na saba Machi mlinipigia simu mara mbili kabla ya chakula cha mchana," alisema. "Hospitali inataka vitanda, mkaniambia, mchukue Stanley Arkle. Nikauliza, amepimwa? Nikajibiwa, kipenzi, siku hizi hapimwi mtu, wewe mchukue tu. Nikamchukua. Alikuja akikohoa. Siku tisa baadaye nilikuwa na wagonjwa kumi na mmoja. Wafanyakazi wangu hawakuleta kitu ndani ya nyumba hii isipokuwa mikono yao."

Mkurugenzi Garside alimshukuru kutoka moyoni. Alisema hakuna asiyejua mzigo alioubeba Noreen. Kisha alisema kwamba kwenye karatasi za hospitali hakuna palipoandikwa kikohozi, daktari hakuwa anaingia kwenye makao wakati ule, na bila neno la mgonjwa mwenyewe ofisi yake haina ushahidi.

"Basi mgonjwa mwenyewe huyo hapo," alisema Noreen. "Mraba wa kwanza juu kushoto, yule aliyesinzia tangu mwanzo."

"Tutamfikia kwa zamu yake," alisema mwenyekiti.

Marehemu wakazungumza. Walikuwa wamejiandaa, na walichoandaa kilikuwa shukrani. Winnie Braithwaite, aliyepika chakula cha mchana cha shule ya msingi kwa miaka thelathini, alishukuru kwa mkate wa kuchoma uliokatwa vipande vyembamba vya kuchovya kwenye yai, kila asubuhi, hata asubuhi ile ambayo hakuweza kumeza. Edna alishukuru kwamba Marzena alimshikia simu sikioni saa nzima na dakika kumi ili mwanawe aliyeko Perth amalize kulia. Mwingine alieleza kwamba aproni zilipokwisha, Marzena aliingia chumbani amevaa mfuko mweusi wa taka alioutoboa mahali pa mikono, akazunguka mara moja, akauliza kama umempendeza. "Nikamwambia, binti, ukiongeza mkufu unakwenda harusini," alisema yule marehemu, na madiwani wakacheka. Diwani Pickersgill aliomba ubunifu huo uandikwe.

Shukrani zao zilikuwa za kweli. Hakuna aliyekuwa akizipamba, na Marzena, nje ya kamera, aliacha kukunja taulo akawa ameishika moja tu kifuani. Mwenyekiti alimwuliza kila mmoja kama angependa kutoa malalamiko yoyote, maana fomu ina sehemu ya malalamiko. Kila mmoja alisema hapana, hapana, hatutaki kumsumbua mtu, wasichana wamejitahidi mno.

Ikafika zamu ya Stanley Arkle, ikabidi aamshwe. Alikuwa dereva wa basi maisha yake yote, naye alikuwa amevaa tai. Alikohoa kabla ya kuanza, akaomba radhi.

"Mimi nashukuru kwa asali na limau," alisema. "Nilitoka hospitali na kikohozi kibaya sana. Wodini nilikuwa nacho wiki nzima, na jirani yangu wa kitandani vivyo hivyo, yule aliyefariki. Nikaingia Thistlegarth Ijumaa mchana, na jioni ile ile Marzena akaniletea asali na limau ndani ya kikombe chenye picha ya mbwa. Walisema wenye homa ndio wabaki vyumbani, na mimi homa sikuwa nayo, kwa hiyo Winnie akanivutia kiti mezani kwao nikacheza domino. Tangu mke wangu afariki sikuwa nimepata marafiki wengi namna ile. Hata siku zenyewe zilikuwa chache, lakini zilikuwa nzuri. Basi. Asanteni."

"Bwana Arkle, umetugusa," alisema mwenyekiti, na alikuwa ameguswa kweli.

Noreen aliinua mkono mpaka ukajaa skrini nzima. "Mwenyekiti, amesema! Mmemsikia wote. Amesema alitoka nacho hospitali."

"Noreen, mpenzi, dakika zako umeshazitumia. Na unajua maneno ya wananchi hayajadiliwi, yanapokelewa."

"Basi yapokeeni yote."

"Tumeyapokea. Gethin, umeandika?"

Gethin alikuwa ameandika: "Bw. S. Arkle alishukuru kwa asali na limau." Muhtasari wa Wetherholme hunukuu lengo la mzungumzaji, haunukuu maneno yake, na lengo la Stanley lilikuwa kushukuru. Hata hivyo Gethin si mtu mbaya. Alimtumia Noreen ujumbe wa pembeni kwamba Bwana Arkle akitia saini maelezo kuwa alifika na kikohozi, na maelezo hayo yakifika kabla ya Ijumaa saa sita mchana, aya ya kumi na nne inaweza kufunguliwa upya. Akaambatisha fomu.

Kamati ikaamua mambo matatu. Ripoti ilipokelewa. Shukrani za kamati kwa wafanyakazi wote ziliingizwa kwenye muhtasari, na madiwani walipiga makofi, wawili kati yao wakisikika. Na kwa kuzingatia aya ya kumi na nne, wafanyakazi wa Thistlegarth watahudhuria mafunzo ya nusu siku ya kunawa mikono. Kisha watu walipungiana, kama tunavyofanya sisi mwisho wa mikutano hii, kila mmoja akimngoja mwenzake aondoke kwanza.

Madiwani walipokwisha kutoka, marehemu walibaki. Hakuna aliyewaonyesha namna ya kutoka. Stanley peke yake hakuwepo, alikuwa amekwenda kujilaza mara tu alipomaliza kushukuru.

"Winnie," alisema Noreen, "mlikuwa mezani naye. Mlimsikia akikohoa siku ya kwanza. Kwa nini hamkusema?"

Winnie alitazama pembeni kwanza, kuhakikisha mraba wa Stanley uko mtupu. "Tukisema ugonjwa umetoka hospitali, Noreen, swali litakalofuata ni nani aliuleta. Ni Stan. Mwenyewe hajui. Anadhani aliukuta hapa kama sisi. Kila siku ananiambia, Winnie, bahati mbaya iliyoje, nimekuja tu nyumba nzuri namna ile ikaingiliwa."

"Siyo kosa lake."

"Najua siyo kosa lake. Nenda kamwambie Stan siyo kosa lake uone atakavyolala. Kiti nilimvutia mimi."

"Na Marzena je?"

Edna alionekana akisema kitu, lakini alikuwa amejizima sauti tena.

"Ndiyo maana tumemshukuru sana," alisema Winnie.

Noreen alichapa fomu, akaiweka mbele ya Marzena pamoja na kalamu. Alimwambia hatamshurutisha mtu: jina lililochafuliwa ni lake, na uamuzi ni wake. Noreen mwenyewe alitaka fomu ile isainiwe, naye alilisema hilo wazi, mara mbili.

Ijumaa saa nne asubuhi Stanley alitokea kwenye tableti ya sebuleni, kama alivyozoea, ili wafanye na Marzena fumbo la maneno la gazeti. Fomu ilikuwa chini ya kikombe cha chai. Marzena alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameyapanga maneno kwa Kipolandi kwanza, lugha ya kwao, usiku kitandani, halafu akayageuza.

"Stan," alisema, "nataka nikuulize kuhusu kile kikohozi chako."

"Kinaendelea vizuri, binti. Yaani hakizidi." Stanley alisogea karibu na kioo. "Unajua nawaza nini huku? Nawaza, kama ningebaki hospitali ningekufa peke yangu, nyuma ya pazia la plastiki. Badala yake nilikufa na watu ninaowajua majina. Ile nyumba ilinipokea. Sijui ningemshukuru nani. Ulikuwa unauliza nini?"

Marzena alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa bado saa moja na dakika hamsini kabla ya mwisho wa kupokea fomu.

"Nauliza kama asali ilikuwa inatosha," alisema.

"Ilitosha kabisa. Haya, nambari saba kushuka, herufi tano, ndege wa majini."

Saa sita ilipita. Noreen aliiona fomu jikoni baadaye, ina duara la chai, mahali pa saini pakiwa patupu. Aliingia stoo ya mashuka akalia kwa hasira, akatoka, akapanga zamu za wiki. Jumatatu simu ya halmashauri ilipigwa tena. Hospitali ilihitaji vitanda viwili.

Mafunzo yalifanyika Alhamisi iliyofuata katika ukumbi wa kanisa la Wamethodisti, mabeseni yakiwa yamepangwa mita mbili mbili. Mkufunzi aliitwa Tamsin, mtu mchangamfu, na alianza kwa kuwashukuru wafanyakazi kwa niaba ya mji mzima. Marzena aliegemeza tableti kwenye bomba la beseni lake, kwa sababu wale wanane walikuwa wameomba kuja. Walisema hawawezi kumwacha akae nusu siku nzima peke yake. Tamsin aliwasalimu, akaeleza kwa masikitiko kwamba hawamo kwenye orodha, hivyo hataweza kuwapa vyeti. Walisema haidhuru, wakakunja mikono ya nguo zao.

Tamsin alihesabu mpaka ishirini. Kwa Marzena mikono kumi na minane ilisuguana, miwili ndani ya beseni na kumi na sita ndani ya kioo. Stanley alinawa kwa bidii kuliko wote, akikohoa kidogo, kidole kwa kidole, ulimi ukiwa umetokeza pembeni ya mdomo.

"Marzena," alinong'ona, "hivi wewe umekosa nini mpaka wakakuleta huku?"

Winnie aliinamisha kichwa. Edna na wengine waliendelea kusugua, macho yao yakiwa kwenye povu.

"Sikunawa vizuri, Stan," alisema Marzena. "Ule ugonjwa niliuingiza mimi."

"Wewe?"

"Imeandikwa."

Stanley aliacha kusugua. Maji yakimchuruzika kwenye viwiko, alifikiri juu ya ile meza, domino, Winnie, na zile siku chache.

"Basi nimekusamehe, binti," alisema. "Kutoka moyoni. Usikae nalo."

"Asante, Stan," alisema Marzena, akageuza viganja kunawa upande wa pili.